Paa la Ford ya Babu: Tuanze na Vyuma

Safu ya Bi Turubai, Malindi. Hapa tunajibu maswali ya turubai, hudi, viti vya gari na kila kinachoshonwa kikafungwa kwenye chuma. Barua za mapenzi hukosea njia zikanifikia mimi kila mara. Tafadhalini, ukurasa wake ni mwingine.

SWALI: Shikamoo Bi Turubai. Mimi ni kijana wa Ganda, hapa Malindi. Marehemu babu yangu alituachia Ford Model T ya wazi, ile ya milango mifupi isiyo na vioo vya ubavuni. Imekaa miaka mingi chini ya mkorosho. Injini, fundi anasema inafufuka. Taabu yangu ni paa. Turubai limeoza lote, mbao za pinde zimeliwa na mchwa, na vyuma vilivyobaki ni viwili tu, vyote vya upande wa kushoto, kimoja kimevunjika. Nimeona Marekani wanauza seti nzima ya vyuma vipya, lakini bei inanitisha na sina hakika kama ndivyo vyenyewe. Ninunue? Na wewe utanishonea turubai kwa kiasi gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho litangoja, kwa sababu wewe umeshafika kwenye uzi na mimi bado niko kwenye chuma. Siwezi kukukatia hata shubiri moja ya turubai kabla pinde zote, yaani zile mbao zilizopindwa zinazobeba turubai, hazijasimama mahali pake. Turubai hufuata pinde, pinde hufuata vyuma, na vyuma vyako hatujui bado ni vya gari gani.

Unaniambia ni Model T. Haitoshi. Ford waliunda Model T tangu 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na paa halikubaki lile lile miaka yote hiyo. Paa la mwanzo lilitaka watu wawili kulikunja, mmoja huku na mmoja kule, na wakitofautiana mwendo linapinda. Baadaye likaja paa ambalo dereva aliliweza peke yake. Kwa magari ya Marekani, paa hili la mtu mmoja liliingia na modeli ya 1923, pamoja na kioo cha mbele kilicholala kidogo kuelekea nyuma. Kabla ya hapo kioo kwa kawaida kilisimama wima. Vyuma vya ubavuni vya mapaa haya mawili usidhani utavibadilishana. Basi rudi mkoroshoni ukatazame fremu ya kioo cha mbele. Hata kama kioo chenyewe kilishavunjika zamani, fremu itakwambia mengi.

Sasa, usukani uko upande gani? Hukuniandikia, na hilo ndilo ningelitazama kabla ya lingine lolote. Model T za Marekani zilikuwa na usukani kushoto tangu mwanzo. Gari lililoletwa huku kwetu wakati wa Mwingereza, lenye usukani kulia, kwa kawaida ni la Canada, kwa sababu Ford ya Canada, iliyoanzishwa 1904 ng'ambo tu ya mto kutoka Detroit, ndiyo iliyopewa haki ya kuuza katika makoloni ya Kiingereza. Wengi hawalijui hili. Wanaagiza vyuma kwa kutazama katalogi ya Marekani, vinafika, matundu hayakutani, kisha wanamlaumu fundi.

Zipo alama za kulitambua gari la Canada. Tazama namba ya injini, upande wa kushoto wa bloku, juu ya pale maji yanapoingilia: ikitanguliwa na herufi C, injini ni ya Canada. Lakini injini hubadilishwa, kwa hiyo usiishie hapo. Tazama mlango wa mbele wa kushoto. Kwenye gari la Marekani, kuanzia 1912 hadi 1925, hapo hapakuwa na mlango. Palikuwa na mchoro wa mlango uliopigwa kwenye bati, kwa sababu ndipo alipokaa dereva na alipandia upande wa pili. Gari la Canada lina mlango kweli, unafunguka. Halafu chukua tochi uchungulie skrubu zilizoshika mbao ndani ya bodi. Ukiona skrubu yenye tundu la mraba kichwani badala ya mfuo, hiyo ni ya Robertson, mvumbuzi wa Canada aliyepewa hataza yake 1909, na Ford ya Canada walizitumia kwa wingi. Mimi naipenda kuliko zote hiyo alama ya skrubu, maana hakuna aliyewahi kuhangaika kuibandika ili adanganye watu.

Kwa nini nakusumbua na Canada? Kwa sababu Canada walianza kutumia paa la mtu mmoja na kioo kilicholala kabla ya Marekani. Ukimwandikia muuzaji wa Marekani "nataka vyuma vya 1921", atakutumia kwa uaminifu kabisa vyuma vya paa la watu wawili, na gari lako huenda ni la mtu mmoja. Wewe agiza kwa umbo na kipimo. Mwaka utaje baadaye, kama nyongeza.

Tuje kwenye vile vyuma viwili ulivyonavyo. Usiviuze, usivitupe, usivipige msasa mpaka matundu yakapanuka. Hicho kilichovunjika pia ni mali. Kwa paa la aina hii unatafuta mafungu haya: chuma cha ubavuni kinachofungwa kwenye bodi, ambacho pinde zote huzungukia, soketi, yaani yale mabomba ambayo ncha za upinde wa mbao huingia ndani yake, mkono wa nyuma ambao paa hulala juu yake likikunjwa, vibano vya kushika pinde zisigongane barabarani, na vishikio vya kukamatia paa kwenye fremu ya kioo. Kila kimoja mara mbili, kulia na kushoto. Wewe una vya kushoto, na cha kulia mara nyingi ni kile kile kilichogeuzwa kama kwenye kioo. Kwa hiyo nusu ya mchoro unayo mkononi. Nusu nyingine iko kwenye bodi: osha ubavu wa nyuma kwa maji na sabuni, taratibu, utaona matundu ya skrubu na kivuli cha rangi palipokaa chuma miaka yote. Piga picha ukiwa umeweka rula hapo hapo kabla hujagusa kutu yoyote.

Kilichovunjika kisipelekwe kwa fundi wa magrili akakichome kwa umeme. Vyuma vingi vya namna hii ni vya kusubu, yaani vya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, vilivyopikwa tena polepole tanurini ili vipate unyumbufu. Ukikipiga moto wa welding ya umeme, ule unyumbufu unakufa palepale kwenye mshono, kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, na siku ya kwanza kwenye mashimo ya barabara ya Ganda kitakatika pembeni ya ulipochomea. Tafuta fundi wa gesi aunge kwa kijiti cha shaba. Moto wake ni mdogo, na chuma hakifiki kuyeyuka. Utaona mstari wa manjano, rangi itaufunika.

Vinavyokosekana utavitafuta wapi? Usianze Marekani. Anza na nchi zilizolishwa na Canada kama sisi: New Zealand, Afrika Kusini, na Australia kwa tahadhari, maana huko bodi nyingi ziliundwa na mafundi wa palepale na vipimo vyao ni vyao. Kuna vyama vya wenye magari haya kila nchi, na wazee wa vyama hivyo hupenda sana kuulizwa. Uingereza, kila Septemba, kuna soko la vyuma vya magari ya zamani huko Beaulieu, lililoanza 1967. Marekani kuna lile la Hershey, Pennsylvania, kila Oktoba, kubwa mno. Kama una jamaa anayeishi huko, mpe picha na kipimo, na umsisitizie: asinunue chuma cha upande mmoja akidhani kinafaa pande zote. Na hapa nyumbani usiwasahau watu wa magari ya zamani wa Nairobi, wanaokutana kila mwaka kwenye mashindano ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Huenda hawana chuma cha kukuuzia, lakini mwenye gari lililo zima anaweza kukuruhusu upime.

Na kipimo, mwanangu, ndicho cha kuomba kwanza. Chuma ni kizito, nauli ya ndege itakula bei ya chuma chenyewe. Karatasi haina uzito. Mwombe mwenye gari zima aweke chuma juu ya karatasi ngumu, apitishe kalamu pembezoni, atoboe palipo na matundu, aandike unene kwa milimita, akunje atie kwenye bahasha. Akikutumia kwa simu, karatasi iwe na mstari wa sentimita 10 uliochorwa kwa rula, ili ukichapisha ujue kama kipimo kimepungua au kimezidi. Kwa mchoro huo, fundi wa kuhunzi mwenye mkono mzuri atakutolea mkono wa nyuma na vibano hapa hapa Malindi.

Soketi ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kama zako ni za umbo la yai, usikubali uwekewe bomba la duara kwa sababu ndilo lililopo dukani. Ndani ya yai upinde hauzunguki. Ndani ya duara utazunguka na turubai litakuwa na mikunjo ambayo hata mimi siwezi kuivuta ikatoka. Bomba la duara linaweza kubanwa polepole kwenye jiliwa mpaka liwe la umbo la yai, na kipande cha mti ndani ili lisivunjike ubavu.

Kile cha kusubu, kama fundi wa Mombasa atakubali kukutolea kwa shaba kwa kutumia kile chako cha zamani kuwa kielelezo, mkumbushe kwamba shaba ikipoa hunywea, kiasi cha asilimia moja na nusu. Kwenye chuma cha sentimita 20 hiyo ni milimita 3, na tundu litakuwa limeshakosana na bodi. Kielelezo kinenepeshwe kwanza, na matundu yatobolewe baada ya kusubu, si kabla. Wasiopenda hesabu hizi nawakumbusha kwamba siwa ya Lamu, lile baragumu kubwa la sherehe, ni ya shaba na ilisubiwa pwani hii hii kabla hata gari halijafikiriwa.

Vyuma vikishapatikana, simamisha pinde bila turubai. Funga ya mbele kwenye kioo. Pitisha mikanda mizito ya utepe toka mbele hadi nyuma na uigonge kwenye kila upinde. Hiyo mikanda ndiyo inayoshika nafasi, turubai halina kazi hiyo. Kisha pima mshazari kwa kamba, kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Zikitofautiana, paa limekwenda upande, na afadhali ulijue sasa. Likunje, lifunue, likunje tena. Likishakubali, nitumie ujumbe nije na chaki yangu.

Bei sikuandikii humu, mafundi wenzangu wa mtaa wa Barani nao wanasoma. Ila turubai liwe la pamba lenye mpira katikati, jeusi, na misumari midogo ya kulipigilia iwe ya shaba. Ya chuma kwa upepo wetu wa chumvi hutoa kutu, na kutu hula kitambaa kuzunguka kila msumari mpaka paa linachanika kwa mstari. Na tulifanye wakati wa kaskazi. Turubai lililovutwa lina unyevu wa masika likija kukauka litazipinda pinde zako mpya.

SWALI: Bi Turubai, mimi ni fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Kijana mmoja wa Malindi ameniuliza kama naweza kumtengenezea pinde za paa la gari la zamani. Gari sina ujuzi nalo, huku kwetu tuna punda, lakini mbao nazijua. Kwa taruma, yaani ubavu wa jahazi, sisi hutafuta mti uliopinda wenyewe. Je, kwa pinde hizi itafaa?

JIBU: Fundi, karibu. Na yule kijana nadhani namjua.

Taruma la mti uliopinda wenyewe ni imara kuliko chochote, lakini hapa halitakufaa. Jahazi linasamehe taruma moja likitofautiana na mwenzake, kwa sababu unalichonga mpaka likubali ubao. Upinde wa gari umenyooka katikati na una kona kali mbili, kulia na kushoto, na kona hizo lazima zilingane, tena pinde zote zilingane, la sivyo paa halikunjiki. Kuupata mti wenye kona mbili sawasawa ni kumwomba Mungu mengi.

Walioziunda zamani walitumia mti wa Ulaya na Marekani uitwao "ash", wakaupika kwa mvuke wakaupinda. Sisi hatuna. Mvule na msaji haviupendi sana mvuke kwenye kona kali, hupasuka kwa nje. Njia nzuri kwako ni tabaka: chana mvule vipande vyembamba vya milimita 3 hivi, vipake gundi ya epoksi, vibane vyote pamoja kwenye kalibu ya mbao nzito uliyoikata kwa umbo la upinde, na uache mpaka gundi ishike kweli. Kabla ya gundi pangusa kila kipande kwa asetoni, maana mvule una mafuta yake na gundi haishiki juu ya mafuta. Kalibu moja itakutolea pinde zote zenye kona ile ile, na usawa uliokuwa ukiutafuta msituni unaupata hapo karakanani.

Ukishautoa kwenye kalibu, ncha zichonge ziingie kwenye soketi kwa kubana, lakini usizigonge kwa nyundo. Na usichonge kabla hujazishika soketi zenyewe mkononi. Mwambie kijana akutumie soketi kwa basi, usikubali akutumie namba kwa simu.

Mbambakofi achana nao kwa kazi hii. Mzuri kwa mlango, mzito mno juu ya kichwa cha abiria.

SWALI: Dada, mimi ni dereva wa hoteli moja hapa Malindi. Bosi wangu Mwitaliano ana gari la wazi la miaka ya 1920 na anataka vyuma vyote vya paa vipigwe kromu ving'ae. Pia ameona vyuma vya stenlesi vya vivuli vya boti huko Watamu na anasema vitafaa, ni rahisi kupata. Nimwambie nini?

JIBU: Kaka, inategemea anataka gari au pambo la kupigia picha harusi. Yote ni halali, hela ni zake.

Kama ni Ford ya miaka hiyo, vyuma vya paa vilipakwa rangi nyeusi. Tangu 1914 hadi 1925 gari zima lilikuwa jeusi, na kromu haikuwa desturi ya magari mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Kilichong'aa kabla ya hapo kilikuwa shaba au nikeli. Tena kromu mbovu kwa upepo wa bahari huanza kububujika kutu chini yake, na huwezi kuiparura ukaipaka upya kama rangi. Rangi nyeusi nzuri juu ya chuma kilichosafishwa mpaka cheupe ndiyo ushauri wangu, na ni rahisi kwa mfuko.

Vyuma vya kivuli cha boti ni imara, sivikatai. Lakini viungo vyake vimeundwa kwa mabomba ya duara na kwa kivuli kinachoshikiliwa na mikanda mbele na nyuma. Gari la zamani halina pa kufungia mikanda hiyo isipokuwa utoboe bodi. Matundu ya kutoboa ndiyo ninayoyaogopa, kwa kuwa atakayelirudisha gari lilivyokuwa atakuta ushahidi wa vyuma vya asili umeharibiwa. Ila vifungo vidogo, vile vya kuzungusha kwa kidole vinavyoshika pazia za pembeni, chukueni huko huko kwa watu wa boti, au kwa washonaji wa mahema ya safari. Vimebadilika kidogo sana tangu enzi hizo, na vya shaba vinapatikana.

SWALI: Bi Turubai, kuna mtu wa nje anasema ana mkono wa nyuma wa paa ninaoutafuta. Anataka pesa zote kwanza. Namwamini vipi? Msomaji, Kisumu Ndogo.

JIBU: Mwombe akupigie picha ya chuma kikiwa juu ya karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo, rula pembeni, pande zote mbili za chuma. Mwenye chuma atafanya kwa dakika tano. Asiye nacho ataanza kukueleza habari za mgonjwa. Na hata akikupa picha, lipa kwa njia inayokuwezesha kudai pesa zako zirudi. Kama anakataa hilo pia, rudi kwa fundi wa kuhunzi na mchoro wako wa karatasi. Mkono wa nyuma ndio chuma rahisi kuliko vyote kutengenezwa hapa, sioni kwa nini uupoteze usingizi.